Mgongoni mwa Kasonde

Mume wangu Kasonde alikuwa mutu wa reli, na picha yake ilikuwa moja tu. Ilichorwa kwenye kitambaa cha mufuko wa unga kilichotiwa ndani ya fremu, amevaa kofia ya kazi. Alipokufa, tuliigeuza uso ukutani. Kwetu picha ya marehemu inakaa hivyo mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo inageuzwa, watoto wanamuona baba yao tena, ndipo watu wanacheka na kula.

Léa, binti Mufaransa anayejifunza uchoraji, alipanga chumba kwangu, mtaani Naviundu. Alikula bukari, ugali wetu, kwa mukono, akaniita Kambo, yaani bibi, kama wajukuu wangu. Nilimupenda. Jioni moja nilimutegea kitendawili:

"Linaona sura ya kila muntu, yake halijaiona."

"Kioo?"

"Kioo njo kinaonaka? Jicho, mutoto yangu!"

Alicheka sana. "Basi miye nitaona yangu."

Kesho yake nilikwenda soko kutafuta samaki wa Kasenga, maana Jumamosi ilikuwa ya kuondoa matanga. Kurudi, nyumba inanuka rangi. Léa amekaa mbele ya kioo, fremu yangu magotini. Mgongoni mwa kitambaa kuna uso wake: macho yamechoka, pua yenye madoadoa. Alifanana kabisa.

"Kambo, angalia! Nilikuta kitambaa kitupu ukutani."

Niliigeuza. Mafuta ya rangi yalikuwa yamepenya. Kofia ya Kasonde ilibaki. Chini yake, matope ya rangi.

"Kile hakikuwa kitupu," mjukuu wangu Sephora alimuambia. "Kulikuwa muntu."

"Sikujua! Mulimugeuzia nini?"

"Kwenu, kitu kikiangalia ukuta hakina mwenyewe?" Sephora alimuuliza.

Léa alilia. Kisha akafuta machozi, akashika fremu kwa mikono miwili. "Kambo, nisamehe, lakini musiioshe. Ni mara ya kwanza nimejichora vizuri."

"Beba," nilimuambia. "Beba, uende nayo."

Jumamosi watu walijaa. Shemeji yangu Donat aliangalia ukuta mutupu. "Sasa tugeuze nani, Jeanne? Muzungu?" Hakuna aliyecheka. Samaki walipoa.

Wageni walipoondoka, Sephora alichukua kalamu na karatasi. "Kambo, unielezee, nitamuchora miye. Pua yake ilikuwa namna gani?"

Nilimutafuta Kasonde kichwani. Nilikuta madoadoa ya Léa.