Nyasi za Saa Mbili Usiku

Jumanne saa tisa na robo, kahawa ikiwa imeshamiminwa vikombeni, Ylva alikiegemeza kishikwambi kwenye jagi la maji juu ya kimeza cha kitanda, ili yeye na bibi yake waone wote wawili. Nje theluji ya Februari ilikuwa inafika nusu ya dirisha. Kwenye kioo cha kishikwambi, ndani ya mchezo wa kufuga farasi, farasi jike mweusi aitwaye Svarta alikuwa amesimama bandani mwake akilamba ukuta.

"Amekula kiasi gani leo?" Bibi Majken aliuliza, hata koti la mjukuu halijavuliwa.

"Vikombe vitatu, bibi."

"Vikombe! Unalisha farasi au unalisha kuku?"

"Mchezo wenyewe ndio unavyopima."

"Huo mchezo umetengenezwa na watu ambao hawajawahi kubeba hata furushi moja la nyasi. Tafuta mizani."

Ylva akatafuta. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mpole kiasi kwamba dukani alikofanya kazi asubuhi wateja walimwomba radhi kwa kumsumbua. Bibi yake, kwa upande mwingine, alikuwa amelisha farasi wa mbio za vigari kwa miaka arobaini na mmoja, na hakuwahi kumwomba radhi mtu. Kila tonge la nyasi kavu lililopita mikononi mwake lilining'inizwa kwanza kwenye mizani ya ndoano. Alikuwa akisema jicho hupenda farasi fulani na kumchukia mwingine, ndiyo maana halifai kupimia.

Mizani ilikuwepo, imefichwa ukurasa wa tatu wa mchezo. Ylva alipoigusa, uzito wa Svarta ukatokea kwa tarakimu nyeupe: 474.

Wakati huohuo Hodan aliingia akisukuma kiti cha mizani. Hodan alikuwa mhudumu hapo makao ya wazee. Alizaliwa Mogadishu, akakulia hapohapo kaskazini mwa Sweden, na kila neno lake lilitoka kwa lafudhi ya watu wa huko.

"Haya Majken, kaa hapa haraka, kabla kahawa haijakuongezea."

Majken akakaa. Hodan akasoma: arobaini na saba nukta nne. Akaitazama ile namba, akatazama kishikwambi.

"Zimefanana," alisema. "Ni nukta tu inayozitenganisha."

Akaandika yake kwenye daftari. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kazi iliyokamilika, akafungua kurasa za nyuma, na Ylva naye akafungua kumbukumbu za mchezo. Oktoba: hamsini na nne, na mia tano na arobaini. Novemba, Desemba, Januari, namba ziliteremka bega kwa bega bila hata gramu moja kuchelewa.

"Sasa nani anamfuata mwenzake?" Ylva aliuliza.

"Hilo sijui," alisema Hodan. "Mimi napima tu."

Ylva alirudi nyumbani kwa basi akiwa na swali hilo. Alianza kumfuga Svarta Oktoba, akamlisha kwa vikombe bila kujua. Lakini ni Oktoba hiyohiyo halmashauri ilipoondoa mkate wa usiku. Zamani, saa mbili usiku, Hodan au mwenzake alipita kila chumba na kipande cha mkate wenye jibini na maziwa ya moto. Sasa chakula cha jioni kilikuja saa kumi na nusu, kwenye visahani vya plastiki kutoka jiko lililo kilomita sabini kutoka hapo, na baada yake hakukuwa na kitu mpaka saa mbili asubuhi. Hodan aliwahi kununua mkate kwa pesa yake. Akaandikiwa barua ya onyo, kwa sababu chakula cha nje hakiruhusiwi kuachwa vyumbani. Ylva alihesabu kwa vidole ndani ya glavu. Saa kumi na tano na nusu.

Ijumaa Majken alitoa ratiba, Ylva akaandika. Nyasi kavu kilo tisa kwa siku, zigawanywe mara nne. Nafaka kidogo tu. Chumvi ya kulamba. Na mlo wa mwisho saa mbili usiku, ulio mkubwa kuliko yote.

"Huo ndio hautakiwi kukosa," alisema Majken. "Farasi hakeshi na tumbo tupu. Ukimwacha hivyo anapata vidonda vya tumbo, anaanza kulamba ukuta, halafu watu wanasema ana tabia mbaya."

"Na wewe, bibi, usiku unakuwaje?"

Majken alitazama dirishani. "Ukuta wa hapa umepakwa rangi mbaya," alisema.

Kuanzia siku hiyo, kila saa mbili usiku, Ylva alikaa kwenye meza ya jikoni kwao, akaning'iniza nyasi za mchezo kwenye mizani ya mchezo, kilo tatu kamili, akamwekea Svarta. Svarta aliacha kulamba ukuta siku ya nne. Jumanne iliyofuata alikuwa na 481, na Majken arobaini na nane nukta moja. Sahani za plastiki zilikuwa zilezile, na viazi vilevile.

Nyasi zilianza kuonekana kitandani wiki ya pili. Mwanzoni yalikuwa mabua mawili matatu kwenye mto, kisha konzi nzima chini ya blanketi, kavu, za kijani, zenye harufu ya Julai. Hodan alizifagia kila asubuhi akaandika kwenye kitabu cha zamu: *Nyasi kitandani, zimeondolewa.* Mwenzake wa zamu ya usiku alilalamika mara moja, kwamba zinaziba mashine ya kusafishia sakafu.

Harufu ilimleta Evald wa chumba namba nne. Alikuwa ameendesha lori la nyasi maisha yake yote, na sasa aliegesha kiti chake cha magurudumu mlangoni kwa Majken kila alasiri, akivuta pumzi.

"Hizi zilikatwa mapema," alisema. "Kabla ya mvua. Majken, wewe unakula vizuri kuliko mfalme. Mimi jana nimepewa samaki, nikadhani ni sabuni, karibu ninawe."

"Ungenawa ungekuwa umepata faida mbili," alijibu Majken.

Mwishoni mwa Machi Majken alikuwa na kilo hamsini na mbili nukta tatu. Mashavu yalirudi. Nywele zilianza kung'aa, hasa shingoni. Ylva alimpiga picha akamtumia mama yake, aliyekuwa kazini Norway, naye akajibu kwamba bibi amependeza na kwamba makao yale kumbe ni mazuri.

Jumanne hiyohiyo Ylva aliona karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na chumba cha chakula. Ilikuwa na grafu. Mstari ulishuka kuanzia Oktoba, ukapanda kuanzia Februari. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwamba mkazi mmoja wa makao amenenepa kilo karibu tano bila mkate wa usiku, na kwamba kwa matokeo hayo mpango utaendelea, na utapelekwa kwenye makao mengine matatu ya halmashauri.

Ylva aliisoma mara mbili. Masikio yakawaka moto. Hakuwa mtu wa kubisha milango, lakini aliubisha mlango wa meneja, taratibu, halafu tena taratibu zaidi.

Meneja aliitwa Torbjörn Wiik, mtu laini aliyevaa soksi za sufu alizofumiwa na mkazi mmoja. Alimkaribisha kiti.

"Ile grafu ni ya bibi yangu," alisema Ylva.

"Ni ya bibi yako. Tunajivunia."

"Lakini si chakula cha hapa. Anayekula ni farasi. Mimi ndiye ninayemlisha, saa mbili usiku."

Torbjörn alitikisa kichwa kukubali. "Nimeona kwenye kitabu cha zamu. Nyasi."

"Basi grafu si ya kweli."

"Kilo ni za kweli, Ylva. Hodan anapima vizuri sana." Aliwaza kidogo. "Huyo farasi, nyasi zake analipia nani?"

"Hakuna. Ni za mchezo."

"Unaona," alisema Torbjörn kwa upole, kana kwamba ndilo lililokuwa linamsumbua msichana.

"Farasi hakai saa nane bila nyasi," alisema Ylva. "Mchezo wenyewe haukubali. Unatoa alama nyekundu. Wazee wa hapa wanakaa saa kumi na tano na nusu."

"Ndiyo, farasi ni viumbe dhaifu," alisema Torbjörn, akamshukuru kwa kuja.

Kwenye basi Ylva alifikiri mpaka kituo chake kikampita. Akimlisha Svarta, bibi ananenepa, na grafu inasema mkate hauhitajiki. Asipomlisha, grafu inashuka, na pengine mkate unarudi kwa wakazi wote ishirini na wawili, lakini wa kwanza kuumia ni bibi. Aligeuza jambo hilo huku na huku, na kila upande aliougeuza ulimwonyesha Svarta akimtazama.

Usiku huo, saa mbili, hakulisha. Alama nyekundu ikatokea. Usiku wa pili hakulisha tena; alikifunika kishikwambi kwa taulo la vyombo, na chini ya taulo akasikia ulimi ukipita ukutani, polepole, juu na chini. Usiku wa tatu alilia, lakini hakulisha.

Ijumaa Majken alikuwa amelala kwa ubavu. Chumba hakikuwa na harufu yoyote. Evald hakuwepo mlangoni.

"Unamnyima Svarta," alisema Majken.

"Siku chache tu, bibi. Nataka waone."

"Nani waone?"

"Halmashauri. Warudishe mkate."

Majken alisema, "Nimefanya kazi kwa watu wa aina tatu. Wanaolisha, wasiolisha, na wanaosubiri kuona. Hao wa tatu ndio waliokuwa wananiudhi." Kisha akautoa mkono chini ya blanketi, akamshika mjukuu wake kidole kimoja. "Lakini najua unachotaka. Ngoja mpaka Jumanne. Naweza kufika Jumanne."

Alifika. Hodan alipima mara mbili, akakisugua kioo cha mizani kwa kiwiko, akapima mara ya tatu. Arobaini na tisa nukta sifuri. Aliandika, akaenda na daftari ofisini kwa meneja, mbio, mpaka viatu vikalia sakafuni.

Alirudi baada ya robo saa na karatasi yenye muhuri, na hakumtazama Ylva usoni. Ulikuwa mpango mpya wa huduma wa mkazi Majken. Torbjörn alikuwa ameushughulikia papo hapo, maana kushuka namna hiyo hakukubaliki. Uliandikwa kwa kompyuta:

*Nyasi kavu kilo tisa kwa siku, mara nne. Mlo wa mwisho saa mbili usiku, usikosekane. Mhusika: mjukuu.*

"Nilimwambia mkate," alisema Hodan. "Nilisema hivyohivyo, mkate, Torbjörn, wenye jibini. Akaandika nyasi."

Ylva aliisoma ile karatasi. Hapakuwa na kosa lolote ndani yake. Hata vipimo vilikuwa sahihi. Alitia sahihi pale palipowekwa alama, kwa sababu bibi yake alikuwa na kilo arobaini na tisa. Halafu akakiegemeza kishikwambi kwenye jagi la maji, akapima kilo tatu, akamwekea Svarta palepale, saa tisa na nusu alasiri. Walimtazama wote watatu akila. Taya za Majken zilikuwa zikienda taratibu pia.

Mwezi Aprili Evald alipata farasi wake, wa kahawia, mwenye tabia mbaya. Akafuata mama wa chumba namba tisa, kisha mapacha wa namba kumi na moja. Torbjörn aliomba kwa heshima kama banda la mchezo linaweza kupanuliwa, na liliweza. Kufikia sikukuu ya katikati ya kiangazi Ylva alikuwa na farasi ishirini na wawili na hati ya shukrani yenye nembo ya halmashauri. Jumuiya ya wenyeji ilileta mashine ya kusafishia sakafu isiyozibwa na nyasi. Grafu kwenye ubao ilikuwa na mistari ishirini na miwili, yote ikipanda, mizuri kama shamba. Jioni chakula kilikuja saa kumi na nusu.

Siku moja ya kahawa, Majken, mwenye kilo hamsini na nne kamili, aliiweka chini birika ndogo ya maziwa.

"Nikuulize kitu, mjukuu wangu, na usilie."

"Uliza, bibi."

"Nimenenepa. Naona mwenyewe, pete inabana. Basi mbona usiku bado nina njaa?"

Ylva alimtazama Hodan, aliyekuwa anakunja shuka na kukung'uta mabua dirishani.

"Si wewe peke yako," alisema Hodan. "Wote wananiuliza."

Saa mbili usiku Ylva alikaa jikoni kwao. Nje jua lilikuwa bado juu ya misitu, kama ilivyo majira hayo. Alipima farasi mmoja mmoja, hakutumia jicho, na kazi ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza, ujumbe wa Hodan ulikuwa umeingia: *Wametulia wote, uzito safi. Evald anauliza kama kuna mkate.*

Ylva alifungua ghala la mchezo. Kulikuwa na nyasi kavu za aina nne, nafaka, chumvi, karoti, tofaa, na dawa ya minyoo. Alishuka mpaka mwisho wa orodha. Kisha akarudi juu, akaanza kuisoma tena.