Arobaini Tatu za Sikuzani

Wakubwa wa reli wakikupaka X nyekundu ukutani, jua wameshakuzika, wanangoja udongo tu. Waliipaka kwenye duka la marehemu Azzan, stesheni ya Mkangani, huku bara ya Bagamoyo inakopita reli ya kwenda Tanga. Wakasema limeingia hifadhi ya reli, Alhamisi linavunjwa.

Hifadhi! Reli yenyewe ililala miaka, nyani wakaifanya njia yao, na hakuna mkubwa aliyekuja kung'oa hata mbigili. Aliyekuwapo ni mimi, Ausi, na kopo langu la chokaa. Duka hilo Azzan alilijenga kwa mawe ya tumbawe yaliyopandishwa kutoka pwani, boriti za mkandaa juu, na mbele akaweka baraza refu lenye kimo sawa na sakafu ya behewa, ili magunia ya korosho yavuke juu ya ubao. Marehemu mke wangu Sikuzani alilipendea kimo hicho hicho. Treni ikisimama, yeye na abiria wanatazamana uso kwa uso, sahani ya wali na samaki inaingia dirishani. Moshi wa jiko lake uko ukuta wa nyuma mpaka leo. Chokaa napaka kote, pale sipaki.

Azzan alipofariki, binti yake Bi Thuraya, anayekaa Dunda, aliniachia ufunguo. "Ausi, mwenyewe sasa ni wewe." Basi nikae nitazame katapila likimfuta mke wangu?

Nikamwendea Mwalimu Issa wa msikitini.

"Mwalimu, Alhamisi nina arobaini ya Sikuzani. Barazani kwa Azzan."

"Arobaini? Si tuliisoma mwaka jana?"

"Kwani unakataa kusoma?"

"Kusoma sikatai," akasema. "Kuna nyama?"

Alhamisi akafika Mwinshehe, msimamizi wa kuvunja, kijana wa Saadani, kofia ngumu ya njano kichwani, katapila linanguruma nyuma yake. Akakuta ubani unafuka, baraza jeupe kwa kanzu, Yasini imefika katikati. Mtoto wa pwani haipiti Yasini amesimama. Alimwashiria dereva azime, akavua kofia, akavua viatu, akakaa. Nikamsogezea sinia, upande wenye minofu. Akala. Sasa ukishakula pilau ya marehemu utainuka umbomolee? Akaondoka anajifuta midomo.

Juma la pili akarudi. Akakuta ubani.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu, arobaini hii."

"Nyingine? Mke wako amekufa mara ngapi?"

"Mara moja tu, baba. Ila mimi habari naipata kila siku."

Akanitazama. Akavua viatu.

Upande wa wanawake, shemeji yangu Adija alikuwa anagonga mwiko kwenye sufuria. "Shemeji, dada yangu utamchosha huko aliko! Mara hii wape nafasi na wengine wafe!"

Nikajiona mjanja. Kumbe yule kijana alikuwa anakula na huku anajifunza.

Jumatano iliyofuata kipaza sauti cha msikiti kikalia: kesho hitima ya marehemu Sikuzani, uwanja wa shule, ng'ombe kachinjwa, wakaribishwa watu wote, mwenye shughuli ni Bwana Mwinshehe. Shule iko mbali na stesheni, nyuma ya kilima. Nikaelewa. Sote tukiwa kule, katapila huku linakula baraza.

Nikajilaza, nikasema naumwa. Adija akasimama mlangoni na baibui lake.

"Huendi hitima ya mkeo? Basi zile za barazani ulikuwa unatuchezea?"

Nikaenda. Ningefanyaje? Nikakaa kwenye sinia na wenzangu watatu, nyama mdomoni kama mchanga, sikio langu lote liko stesheni nasubiri ukuta uporomoke. Kimya. Yasini ikaisha, dua ikaisha, kimya. Ndipo nikauona mkono ulioelekea wangu siniani. Oili nyeusi mpaka kiwiko.

"Wewe si dereva wa katapila?"

"Ndiye, mzee. Abdulwahab. Pole na msiba."

Mwinshehe alikuwa anapita na birika la kunawia. Lilitaka kumponyoka.

"Abdulwahab! Nimekuacha wapi mimi?"

"Mkuu, umetangaza watu wote. Mimi si mtu?"

"Nenda kazini, sasa hivi!"

"Nishakula, mkuu." Akalamba vidole taratibu, kimoja kimoja. "Tumbo limejaa wali wa marehemu, mkono wa kumvunjia nautoa wapi? Mara mbili nimekaa juani nanusa pilau, wewe unakula. Leo zamu yangu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu Issa alijifunika uso kwa kilemba, mabega yanatikisika. Na mimi, mfiwa, nilicheka hadi Adija akanifinya.

Jioni ile ile lori likaja kulichukua katapila, linatakiwa Ubena. Wakubwa ndivyo walivyo, chombo kimoja wanataka kuvunjia nchi nzima. Kulipokucha nikaichovya brashi kwenye chokaa, nikaipitisha juu ya X mpaka ikawa nyeupe.

Baadaye Mwinshehe akaja peke yake, bila kofia. Akakaa barazani, miguu inaning'inia juu ya reli, kama abiria aliyeachwa.

"Wakubwa wanauliza kwa nini hili bado limesimama."

"Waambie kuna msiba."

"Mpaka lini, mzee?"

"Waambie waje wenyewe wajionee," nikamwambia. "Ila viatu wavue."