Karatasi ya Mahudhurio

Kila Ijumaa Lidwina alianza kipindi cha uraia kwa kuzungusha karatasi ya mahudhurio. Rejista ya shule ilikuwepo, lakini yeye, mwalimu wa kujitolea pale Ruhuwiko, mwaka wake wa kwanza tangu atoke chuo, alitaka kidato cha tatu wazoee mambo ya watu wazima.

"Asiyesaini hakuwepo," aliwaambia. "Kesho mtaitwa kwenye vikao vya kazi, vya kijiji, vya ukoo. Ukikaa bila jina lako, umehesabiwa kama kiti."

"Madam, hata kiti kina namba ya shule!" Daimu alidakia kutoka nyuma, darasa likaangua kicheko.

Ekaristia hakucheka. Alikuwa anaandika.

Mwezi Juni baba yake alifariki kwao Namtumbo. Alikwenda kuzika, akarudi amekonda. Kilichobaki kilikuwa shamba la tumbaku. Ndilo lililolipia chumba chake cha kupanga Mjimwema na unga wake wa mwezi.

Agosti alimfuata Lidwina ofisini, mkononi ana karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, nakala za zile zilizopelekwa mahakamani.

"Madam, shamba limeuzwa."

Karatasi ya kwanza ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo: wote wamekubali Makarius, mdogo wa marehemu, awe msimamizi wa mirathi, na shamba liuzwe. Ya pili ilikuwa majina tu. Namba nne, dole gumba la mama. Namba tano, Ekaristia, kwa mwandiko mzuri.

"Mlikubaliana hivi?"

"Tulisali, tukala, tukaambiwa kikao kimeahirishwa. Baba mdogo akasema tusaini mahudhurio. Mama alikataa, mikono yake ilikuwa na unga." Akaweka kidole kwenye namba nne. "Mimi ndiye niliyemwambia aweke dole. Nikamwambia, madam anasema asiyesaini hakuwepo."

Jumamosi Lidwina alipanda basi hadi Namtumbo. Mama yake Ekaristia, Severina, alikuwa anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kigoda."

Lidwina akaeleza yote: wanaweza kwenda mahakamani, waombe usimamizi ule utenguliwe, yeye mwenyewe atamwandikia maombi, nauli atatoa. Severina alisikiliza bila kuacha mahindi.

"Nimsimamishe shemeji yangu mbele ya hakimu? Nikifa, nani atanibeba? Ukoo wenyewe ndio huo."

"Lakini ni haki yako, mama."

"Najua, mwanangu. Ekaristia alinisomea daftari lote la somo lako."

Lidwina akavuta kigoda karibu, akapukuchua naye mpaka basi la kurudi lilipopiga honi.

Ijumaa iliyofuata Ekaristia alikuja kurudisha vitabu. Kazi ya kuchambua tumbaku ya majirani ilikuwa inamsubiri. Lidwina alimwomba akae kipindi cha mwisho. Ubaoni aliandika somo ambalo alipaswa kulifundisha tangu Januari: juu ya karatasi, iandikwe kikao cha nini na cha lini, na chini ya jina la mwisho upigwe mstari, isije ikabandikwa kwenye jambo jingine.

"Nilisahau kuwaambia," alisema, akageukia ubao muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hata Daimu alinakili.

Karatasi ikazunguka. Ilipomfikia Ekaristia, aliyekuwa wa mwisho, aliisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Ndipo akaandika jina lake, akachukua rula, akapiga mstari.