Sikio Kileleni

Vumbi la Rungwa liliinuka nyuma ya baiskeli ya mzee Antipasi siku aliyoingia porini kurina asali. Emiliana, bintiye, mimba ikiwa ya siku za mwisho, alilitazama mpaka likatua. Mtoto akazaliwa kesho yake. Kwao jina hutoka kinywani mwa babu, basi kibinti kikaitwa Mgeni, na kikabaki mgeni mwezi mzima.

Kila jioni Klara, bibi wa mtoto, aliishika redio ya mawasiliano. "Baba Emiliana, tupe jina la mtoto."

Redio ya nyumbani ina nguvu, inafika kambini kwa mzee huko porini. Ya mzee ni ndogo ya mkononi. Jibu lake lilirudi limechoka, likazama katika mvumo, shaaa, kama mtama unaopetwa. Baba anasema, ila hasikiki.

Emiliana ni fundi wa redio, na fundi ana kiburi chake. Akaunda kikuza mawimbi kwa transista tulivu kuliko zote alizokuwa nazo, maana kifaa cha namna hii kikiwa na kelele zake, huzikuza pamoja na sauti. Akasokota koili za waya, akapima, akasokota tena, Mgeni mgongoni akikoroma. Kilipokamilika akakiunga na redio mezani, ndani, vumbi lisikiguse.

Shaaa. Baba anasema, ila hasikiki.

Alilia kidogo, tuseme ukweli. Kisha akamkumbuka baba yake akikagua mizinga. Hakisii akiwa chini ya mti. Anapanda, anabandika sikio kwenye gogo, anatulia. Na yeye je? Kakaa chini, anangoja sauti iteremke kwa waya mrefu kutoka antena juu ya mlingoti, ipungue njiani, ndipo aikuze. Alikuwa anakuza mabaki. Akacheka peke yake, akamwita mumewe.

Noel akalaza mlingoti. Kifaa kikaingia kwenye kopo la maziwa, mfuniko ukazibwa kwa nta ya nyuki, kopo likafungwa kileleni, pale pale shingoni mwa antena. Mlingoti ukasimama.

Klara akauliza kama jana, kama juzi.

"Dorika," redio ikajibu, kwa sauti safi ya mzee aliyeudhika. "Jina la mama yangu. Mwezi mzima nalisema, nyie mko wapi?"

Klara akapiga vigelegele, majirani wakavipokea, uwanja ukajaa. Emiliana alicheza na Dorika mgongoni. Vumbi la Rungwa likainuka tena, safari hii chini ya miguu yao, na hakuna aliyetaka litue.