Maoni Juu ya Lori la Pili

Gari la sinema liliingia Temeke Chausiku akiwa bado yumo edani, na ukiacha kifo chenyewe, hakuna lililomuuma mwaka ule kama hilo. Mji mzima ungekwenda uwanjani kumtazama mumewe. Wasiomjua wangemtazama. Waliomdharau alipokuwa kuli bandarini wangemtazama. Yeye aliyemfulia na kumkanda mgongo angebaki ndani na nguo yake nyeupe, kama mgeni wa msiba wa watu wengine.

Mumewe, Mfaume, hakuwa mwigizaji wa kusomea, na siku zile nani alikuwa? Wazungu wa filamu walifika bandarini kutafuta mtu mwenye kifua na asiyeogopa maji, wakamwona amebeba gunia huku anacheka, wakamchukua. Ikatoka "Lori la Pembe", habari za dereva anayewafukuza wezi wa pembe za ndovu mpaka Rufiji. Temeke ikapagawa. Tangu siku hiyo watu wakamwita Dereva, ingawa maisha yake yote hakupata kushika usukani. Kwenye picha lile lori lilivutwa kwa kamba.

Walipokuwa wanarudi nyumbani kutoka kuitazama, Chausiku alikuwa amenuna.

"Umewatazama wezi, umemtazama mamba, umetazama mpaka tairi," alisema. "Mie hukunitazama."

Mfaume alicheka. "Haturuhusiwi, mke wangu. Ukiitupia jicho tu ile mashine, Mzungu anafoka, mnaanza upya."

"Haya, mtazame huyo Mzungu wako."

"Usinune. La pili nitakutazama."

Watu hao wawili walikuwa na lugha yao. Walipooana walikaa kwa mama yake Mfaume, mwanamke mkali, na mke mpya hakai akipiga soga na mumewe mbele ya mkwe. Basi wakajizoeza kusema kwa midomo mitupu, bila sauti. Waliweza kugombana na kupatana, mkwe kakaa katikati anachambua mchele, asijue kitu. Hata walipohamia nyumba yao wenyewe, Mfaume akiwa na la maana alilisema hivyo hivyo, kimya, na Chausiku alimsoma kama wewe unavyosikia adhana.

Filamu ya pili ilipigwa wakati wa masika. Mfaume alitumbukia mtoni, akatolewa, akaambiwa bado, akatumbukia tena. Alirudi Temeke na kikohozi. Wengine walisema ni mto, wengine wakasema kijicho, hospitali walisema mapafu. Siku moja, homa imempa nafasi kidogo, alimshika mkewe mkono.

"Nimekutazama," akasema. "Mwisho kabisa, lori likishavuka. Na neno nimekwambia."

"Neno gani?"

"Sikwambii. Utaliona mwenyewe. Nikikwambia sasa nitaharibu uhondo."

Alidhani ana muda, maskini. Sote hudhani hivyo. Siku chache baadaye walimzika, na neno lake likawa limebaki kwenye mkanda wa Wazungu.

Ndiyo maana jioni ile ya sinema Chausiku alitoka chumbani akaketi uani, mgongo ukutani, amejitanda mpaka usoni. Bi Tunu, somo yake, aliyekaa naye tangu siku ya msiba ili kumwongoza katika mambo ya eda, alimtazama kwa wasiwasi, kisha akatandika mkeka karibu naye.

"Kutazama ndiyo huwezi," alisema. "Lakini sauti ikija yenyewe ukutani, wewe umeifuata?"

Sauti ikaja. Spika za lile gari zilisikika mpaka mtaa wa Mtoni, seuze uani kwao. Ikaja ngoma, ukaja mngurumo wa lori, wakaja wezi wakipanga mipango yao, na watu uwanjani wakaanza kupiga mbinja. Chausiku akashika pindo la nguo yake. Ndipo Dereva akasema, "Nilijua mtarudi, mbwa nyie."

Chausiku akaliachia pindo.

"Siye," alisema.

"Siye nani?"

"Huyo siye Mfaume."

Ilikuwa sauti nzuri, nyororo, ya mtu aliyesoma. Ya Mfaume ilikuwa na mikwaruzo, imejaa vumbi la simenti, na alipokasirika maneno yalimpanda juu kama anataka kucheka. Huyu hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Chausiku alisikiliza mpaka mwisho akidhani labda mara moja tu, hata kwa kukohoa, mumewe atajitokeza. Hakujitokeza. Alilia usiku ule kuliko alivyolia siku ya mazishi, kwa kuwa siku ya mazishi hakuwa akitarajia kitu.

Asubuhi yakaanza maoni. Binadamu hawezi kutazama kitu akanyamaza, na wa Temeke ndiyo kabisa. Kila aliyekuja kumjulia hali mjane alikuja na hukumu yake mdomoni. Somoe, muuza maandazi, alisema la pili limelishinda la kwanza, maana ngumi zimeongezwa na lori limeruka daraja zima. Mwingine alisema ndilo kosa lake hilo, lori gani linaruka kama chura? Mzee mmoja wa jirani alilalamika kuwa la kwanza lilikuwa na mafunzo, hili kelele tu. Wengine walisifu mamba. Wengine walisema mamba ni yule yule wa zamani, wamemgeuza upande.

"Na Mfaume?" Chausiku aliwauliza wanawake, mmoja mmoja. "Alikuwaje Mfaume?"

"Alikuwa vizuri," walisema. "Ila sauti imepoa kidogo, au sio?" Na hapo hapo wakarudi kwenye lori.

Akaona ajabu, watu kutazama uso wa maiti saa nzima wakarudi na habari za daraja.

Aliyefika mwisho ni Sadallah, kaka yake marehemu, fundi cherehani aliyekuwa akilipa kwenda sinema za mjini na kwa hiyo alijiona anazijua filamu kuliko waliozitengeneza. Aliketi barazani, nje ya pazia la mlango, akatoa salamu kisha akatoa sumu.

"Bi Tunu, shikamoo. Mie sisemi kwa kuwa ni ndugu yangu, Mungu amrehemu, lakini ile filamu kaiharibu mwenyewe."

"Marahaba. Kaiharibu vipi?"

"Mwisho. Lori limevuka, wezi wameshikwa, watu tumekaa na raha zetu. Mtu mzima anageuka, anatutazama! Sie! Akapiga midomo hivi, na sauti haitoki. Wanaojua kazi hawafanyi hivyo. Nilikuwa nimesahau kama ni filamu, yeye akanikumbusha."

Nyuma ya pazia Chausiku alisimama wima. Mjane wa eda hasemezani ovyo na shemeji, kwa hiyo alimvuta Bi Tunu nguo, akamnong'oneza.

"Anauliza midomo ilikwendaje," akasema Bi Tunu.

Sadallah alishangaa, lakini mtu wa kujua mambo hakatai kuulizwa. Akaonyesha. Bi Tunu akaitazama midomo yake, akaingia ndani, akamwonyesha Chausiku kwa mdomo wake yeye, mdomo wa bibi kizee usiokuwa na meno ya mbele. Ukafunguka, ukafungana, ukafunguka. Neno lile lingeweza kuwa jina lake. Lingeweza kuwa "nakuja" au "nisamehe" au "funga mlango".

"Tena," Chausiku alisema.

Bi Tunu akarudia, na mara hii ikawa kitu kingine kabisa. Wangecheka siku nyingine. Siku ile waliangaliana tu, mpaka bibi akafuta midomo yake kwa upande wa kanga kana kwamba amekula haramu.

Mchana huo huo alikuja Gaspar, karani wa gari la sinema, kijana wa Bukoba mwenye suruali iliyopigwa pasi. Ilikuwa kazi yake kubaki nyuma kila gari lilipoonyesha, azunguke akiwauliza watu walichopenda na wasichopenda, kwa kuwa wakubwa ofisini walitaka kujua Mwafrika anapenda nini, kana kwamba Mwafrika ni mmoja. Alikuja kwa Chausiku kutoa pole, si kuuliza. Alisimama barazani kofia mkononi, akaeleza, kwa kuwa Bi Tunu alimbana, kwamba sauti huwekwa baadaye chumbani, picha zikisha kupigwa, na marehemu hakuwahi, ikatiwa ya mtu mwingine.

"Gari linakwenda wapi sasa?" Bi Tunu aliuliza, baada ya kunong'onezwa.

"Morogoro, Dodoma, huko bara. Tukirudi tutaonyesha Kinondoni."

Chausiku alihesabu. Eda itakuwa imekwisha. Moyo ukampanda, na hofu ikaupanda juu yake. Safari ndefu hiyo, mvua, mashimo ya barabarani, mikono ya watu. Akanong'ona, na Bi Tunu akasema kwa sauti:

"Karani, mjane anasema hivi. Mwisho, pale mumewe anapowatazama watu akapiga midomo, pale ni pake. Alikuwa anasema naye. Anaomba wakubwa wako wapatunze pale, hata pengine pakiharibika."

Gaspar alitoa kalamu. Alikuwa kijana mwenye imani.

"Mwambieni mama nitaandika hivyo hivyo alivyosema," akajibu.

Eda ikaisha. Chausiku alikoshwa, akavishwa nguo za rangi, na gari lilipofika Kinondoni alikwenda. Walikuwepo waliosema, tazama, juzi tu katoka ndani, leo yuko sinema! Waacheni waseme, midomo ni yao. Yeye na Bi Tunu walikwenda mapema na mkeka wao, wakaketi mbele kabisa, karibu na shuka lile jeupe kiasi kwamba ilibidi wainue shingo.

Alipotokea Mfaume, mkubwa kama nyumba, Chausiku aliliziba sikio la kulia na la kushoto. Hakumtaka yule mwenye sauti nyororo. Alimtazama mumewe akikimbia, akipigana, akitumbukia mtoni. Alimwona akitolewa majini akitetemeka, akajua kule kutetemeka hakukuigizwa. Hakulia. Alikuwa anayatunza macho.

Daraja. Lori likaruka, watu wa Kinondoni wakapiga mayowe. Wezi wakafungwa kamba. Mfaume akashuka, akafuta uso kwa kiganja, akaegemea mlango wa lori. Akaanza kugeuka. Shavu likaja, pembe ya jicho ikaja, na picha ikaruka kidogo, muda wa kupepesa jicho tu, na kilichokuwa pale ni barabara tupu na vumbi, na maneno ya Kizungu ya mwisho.

"Ah, hii safi," alisema mtu nyuma yao. "Waliniambia kuna pahala jamaa anaduwaa, mbona sijapaona? Hii imeishinda ya kwanza."

"Haiishindi," mwenzake akajibu, na ubishi ukaanza.

Gaspar alikuwa kando ya gari. Alipomwona Chausiku akija hakukimbia, na hilo tumhesabie.

"Imekwenda wapi?" Chausiku alimuuliza mwenyewe sasa, bila pazia.

"Mama, niliandika. Niliandika vizuri, na jina lako niliweka." Akaongeza: "Watu wengi walisema lori, wakasema mamba. Bwana mkubwa hakuwa ameliona lile kosa. Aliposoma maneno yako ndipo akaitazama tena, akaamuru pakatwe."

Chausiku alielewa. Sadallah na ulimi wake wote alikuwa amenung'unika barazani tu, ikaishia hapo. Yeye Chausiku ndiye aliyelipeleka lile kosa ofisini.

"Na hicho kipande?"

"Hutupwa, mama. Huchomwa na takataka nyingine." Kisha, kwa kuwa alikuwa hana cha kumpa, akampa alichokuwa nacho. "Kilikuwa kidogo. Mkono mmoja tu."

Mkono mmoja, kama unavyopima kitambaa dukani, ncha ya kidole cha kati mpaka kiwiko. Chausiku alitoa mkono wake ndani ya kanga, akaunyoosha mbele yake kwenye mwanga wa taa ya gari, akautazama wote. Bi Tunu alimwita mara mbili. Nyuma yao watu wa Kinondoni walikuwa wanakung'uta mikeka, bado wanabishana kama lori linaweza kuruka.