Kiti Kilicholazwa Ubavu

Kazi yangu ya kutengeneza makochi imeniingiza nyumba za watu wa kila namna, na nimeona jinsi kila watu wanavyohangaika na marehemu wao. Wapo wanaofunika vioo. Wapo wanaosimamisha saa ya ukutani, na wengine hawafagii mpaka siku za msiba ziishe. Sisi tunalaza kiti. Mtu mzima akifa, kiti chake kinalazwa ubavu palepale kilipo, na hakuna wa kukigusa mpaka kifungua mimba wake aje, akiinue, akikalie na kusema, "Nimefika. Nenda." Hapo ndipo marehemu anaondoka. Kabla ya hapo bado yumo ndani.

Kiti cha Mama kililala sebuleni tangu mazishi, nasi tukawa tunakizunguka kwa adabu kama mlevi aliyelala njiani. Kifungua mimba wake ni kaka yangu, na kaka yangu alikuwa machimboni, mbali. Tulipompigia simu ya msiba alilia, kisha akasema, "Nakuja. Msikiguse." Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Shangazi alisema atakuwa kalewa mahali. Mimi nilisema mabaya zaidi ya hayo, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimwona Baba anavyokonda. Hali, halali, kutwa yuko mezani anatazama mlango. Nilichotaka ni Kaka aje akalie hicho kiti, Mama apumzike, na Baba ale.

Kiti chenyewe nilikitengeneza upya Mama alipokuwa amelazwa hospitalini. Nilikitia sponji mpya, ile nzito, na kitambaa cha kijani alichokichagua mwenyewe. Hakuwahi kukikalia. Alirudi nyumbani ndani ya jeneza.

Mchana mmoja, nikiwa nafagia, niliona kitambaa cha pale pa kukalia kimelegea, kina makunyanzi katikati. Nilipandwa na hasira. Sponji mpya haibonyei kwa kulazwa ubavu. Nikajua muuza sponji ameniuzia takataka, nikaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia.

"Baba, umekikalia hiki kiti?"

"Nikikalie kimelala? Mimi mwanasarakasi?" Alikigeukia kiti. "Ila kinalia. Siku hizi mbili tatu, wewe ukishaenda kazini, nasikia springi zinalia kama mtu anajiweka sawa. Ni mama yako huyo. Amechoka kulala upande."

Aliyasema kwa furaha, na furaha yake ndiyo iliyonitisha.

Sikukiinua. Nilipiga magoti, nikaanza kung'oa pini za stepla zilizoshika kitambaa pembeni kiti kikiwa kimelala vilevile, nikijiambia kwamba fundi hagusi kiti, anakikagua tu.

Makalio ya watu hayanifichi siri. Nikishafungua kochi najua nani mnene, nani ana mgongo mbovu, na nani analala hapo baada ya kugombana na mkewe. Mama alikuwa na nyonga mbaya. Alikaa akiegemea kushoto, na sponji zake zote za zamani ziliisha upande huo. Nilitarajia kukuta bonde la Mama, na nilishajiandaa kulia.

Halikuwa la Mama. Lilikuwa bonde pana, la mtu mzito, limezama kulia. Upande wa kushoto palikuwa na kishimo cha mviringo, kidogo lakini kimezama sana. Kisigino. Kaka yangu tangu utoto hajui kukaa bila kukunja mguu mmoja na kuukalia, na Mama alimfukuza kwenye kiti hiki maisha yake yote. "Toa kisigino chako, unanivunjia kiti," alikuwa akimwambia, hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Nilibonyeza pembeni kwa kiganja nikaachia. Sponji ikarudi juu, kama inavyotakiwa. Pale kwenye kishimo haikurudi.

Niliogopa, sitaficha. Woga ulipopungua, kichwa kikaanza kufikiri nisichotaka kukifikiri. Kaka aliahidi kuja, na kweli amekuja. Lakini angekuja mzima, angegonga mlango, angeingia na mabegi yake, angeuliza kuna nini cha kula.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinama, akatia kidole chake ndani ya kishimo kile, akakiacha humo.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Nashinda namkaribisha mama yako, kumbe ni mwanangu."

Alijikokota hadi mezani. Akakishika kiti cha upande wa dirisha, alichozoea Kaka wakati wa kula, akakilaza ubavu taratibu, kama anamlaza mtoto asiamke.

"Kiinue cha mama yako," aliniambia. "Mkubwa ni wewe sasa."

"Baba, hatujaambiwa chochote."

"Ndiyo maana nakwambia kiinue. Mama yako aende kabla hajasikia."

Simu yangu ikaanza kuita juu ya meza. Namba ilikuwa ngeni. Nilinyoosha mkono, naye akauweka wake juu ya simu.

"Keti kwanza, mwanangu."

Nilikiinua kiti. Nilikaa juu ya sponji iliyo wazi, ndani ya bonde la kaka yangu, na mwili wangu ukavutwa kulia bila mimi kutaka.

"Nimefika, Mama," nilisema. "Nenda."

Springi zililia mara moja. Sikuona kingine, isipokuwa Baba, aliyekuwa bado anatazama mlango, akaacha kuutazama.

Ndipo aliponipa simu. Mwanaume mwenye sauti ya kuchoka alitaja jina la Kaka, akauliza mimi ni nani wake.

"Mdogo wake," nikasema.