Damu ya Ng'ombe Wekundu

Daktari wa mifugo aliisoma barua ya maabara mara tatu ndani ya gari kabla ya kushuka. Kama angekuwa na mtu wa kumtuma, angemtuma. Lakini mwenye ng'ombe alikuwa shangazi yake, dada wa baba, na nywele za mikia zilizopelekwa kupimwa vinasaba, daktari ndiye aliyezing'oa kwa mkono wake mwenyewe.

Majirani walimwita shangazi Msajili. Miaka thelathini alikuwa ametunza ng'ombe wafupi wekundu wa ukoo, mbegu ambayo wenzake wote waliitupa walipokimbilia maziwa mengi ya ng'ombe wa kigeni. Alikataa kuuza, akakataa kuchanganya, na ukimpa nafasi angekutajia mama, bibi na mama wa bibi wa kila ng'ombe bila kukuna kichwa. Sasa kituo cha kuhifadhi mbegu za asili kilikuwa kimeahidi kuwachukua wote kumi na mmoja, mradi damu iwe safi.

"Wanakuja lini?" shangazi aliuliza. Zizi lilikuwa limeshafagiwa.

"Shikamoo, shangazi. Tukae kwanza."

"Marahaba. Habari inayotaka kukaliwa si njema. Sema."

Akasema. Kumi walikuwa chotara. Tena si wa jana. Damu ya kigeni iliingia vizazi vitatu nyuma. Aliyebaki safi ni Kikongwe peke yake, mwenye chongo, ambaye huu ulikuwa mwaka wa sita hajashika mimba.

Shangazi alicheka. "Kitanda hakizai haramu."

"Hiyo ni ya watu, shangazi."

"Na zizi je?" Kisha kicheko kikamkauka. Aligeukia ua wa nyuma, ambao zamani dume la jirani lilizoea kuuruka. Walikuwa wakilifukuza kwa fimbo, wakidhani wamewahi. "Mama zao niliwajua wote," alisema taratibu. "Baba zao, kumbe nilikuwa nakisia."

Daktari akapiga simu kituoni. Je, hawawezi kuvuna hata mayai ya uzazi ya Kikongwe? Aliyejibu alikuwa mpole, na upole huo ndio uliomkata maini: ng'ombe wa miaka kumi na tisa hana tena cha kuvunwa. Na hata angekuwa nacho, dume safi liko wapi? Aliomba namba ya mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine. Akashukuru, akakata, asijue mikono aiweke wapi.

"Ningekuja mapema, shangazi, labda..."

"Wakati huo ulikuwa darasa la tatu, mwanangu."

Ndama mmoja alilia. Shangazi akainua ndoo, akasimama katikati ya zizi akiwatazama kama wageni waliokosea mlango.

"Sasa hawa ni ng'ombe gani?"

Daktari aliitazama karatasi, yenye asilimia tele. "Ni ng'ombe tu, shangazi."

"Hilo nalo ulilisomea?"

Daktari aliikunja karatasi. Alikwenda kumshika ndama, shangazi akamue.